Siku Saba Nyuma ya Mafundi Baiskeli: Kutoka Dayton hadi Kitty Hawk

Siku ya 1. Dayton, Ohio

Tumeingia Dayton saa nne asubuhi, mimi na mpwa wangu, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka Columbus. Miaka 16 nimeishi Ohio, na miaka yote hiyo nasoma kwenye vibao vya namba za magari kwamba hapa ndipo usafiri wa anga ulipozaliwa, lakini Dayton nilikuwa naipita tu nikielekea kwingine. Safari hii tumekuja kwa makusudi. Tuna siku saba: tuanzie karakana ya Wilbur na Orville Wright, tumalizie kwenye mchanga wa pwani ya North Carolina waliporukia tarehe 17 Desemba 1903.

Marehemu baba alikuwa fundi baiskeli Tabora. Alikaa chini ya mwembe mmoja karibu na stesheni ya reli zaidi ya miaka 30, na kopo lake la gololi, beseni la maji la kutafutia pancha, solusheni, na spana mbili zilizolika meno. Nimekua nikiona watu wanamwachia baiskeli na kuondoka bila kumtazama usoni. Shuleni tulifundishwa kwamba ndege iligunduliwa na wanasayansi wawili wa Marekani. Nilikuwa mtu mzima tayari niliposoma kwamba wanasayansi hao walikuwa mafundi baiskeli, wenye duka, wanaobadilisha tyubu za wateja, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukabidhiwa cheti cha sekondari. Baba alikuwa ameshafariki. Natamani angelijua hilo.

Karakana iliyobaki ipo namba 22, Mtaa wa South Williams. Jengo la matofali, ghorofa mbili, si kubwa. Walipanga hapa kuanzia 1895 hadi 1897, na hapa mwaka 1896 wakaanza kuunda baiskeli zao wenyewe, wakaziita Van Cleve na St. Clair. Mwaka huo huo zikaja habari za kifo cha Otto Lilienthal, Mjerumani aliyekuwa ameruka kutoka vilimani kwa mabawa yasiyo na injini karibu mara 2,000. Agosti 1896 upepo ulimsimamisha hewani, akaanguka, akafa siku ya pili. Wilbur alisema baadaye kwamba kifo kile ndicho kilichomwamshia hamu ya zamani.

Hamu yenyewe ilitoka utotoni. Mwaka 1878 baba yao, Milton Wright, askofu wa kanisa, aliwaletea kitu cha kuchezea cha mianzi, karatasi na mpira wa kuzungusha, ukikiachia kinapaa hadi dari. Lakini mikono ya ufundi waliirithi kwa mama. Susan Wright alikuwa binti wa mtengeneza magari ya farasi, na yeye ndiye aliyekuwa akitengeneza vitu vilivyoharibika nyumbani. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1889. Hakuona hata baiskeli ya kwanza ya wanawe.

Duka lao la baadaye, namba 1127 Mtaa wa West Third, halipo tena Dayton. Henry Ford alilinunua pamoja na nyumba yao ya Mtaa wa Hawthorn, akavihamishia Michigan miaka ya 1930. Tumesimama mahali lilipokuwa duka kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko hata kuruka kwenyewe.

Ilikuwa Julai 1899. Mteja alikuja kununua tyubu. Wilbur akaitoa kwenye boksi lake, jembamba na refu, na huku wanazungumza vidole vyake vikawa vinalichezea lile boksi tupu: ncha ya kulia anaisokota huku, ya kushoto anaisokota kule. Mara akaliona boksi lile kama mabawa mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine. Ukiyasokota hivyo, bawa la upande mmoja linaukabili upepo zaidi na kupanda, la upande wa pili linaukabili kidogo na kushuka. Ndege inalala upande unaoutaka wewe. Unaweza kukata nayo kona, na upepo ukiilaza, unaweza kuisimamisha.

Kabla yao wengi walitafuta chombo kinachojisimamia chenyewe hewani, mtu akae ndani kama abiria wa mtumbwi, akigeuza usukani tu. Fundi baiskeli hawezi kufikiri hivyo. Anajua baiskeli ikiachwa peke yake inaanguka, na anajua haianguki akiipanda mtu aliyejifunza. Kusimama kwake kumo ndani ya mwendeshaji. Baba alipokuwa akinifundisha, alishika tandiko kwa nyuma akikimbia, akiniambia: "Ikikulalia, ifuate kwa usukani, usishindane nayo." Nilikuwa na miaka saba. Leo nimemsimulia mpwa wangu maneno hayo nikiwa nimesimama kwenye nyasi za kiwanja kile, sauti ikanikatika kidogo, naye akanishika bega.

Jioni tumerudi Mtaa wa Williams. Kituo cha wageni kimepewa jina la familia ya Wright pamoja na la Paul Laurence Dunbar, mshairi mweusi, mtoto wa wazazi waliozaliwa utumwani, aliyesoma darasa moja na Orville. Kabla ya baiskeli, ndugu hawa walikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji, na mwaka 1890 walimchapia Dunbar gazeti lake la watu weusi wa Dayton. Halikudumu, fedha ziliisha. Lakini lilichapwa.

Siku ya 2. Huffman Prairie

Leo nimepaona mahali ambapo watu wengi hawapajui, na nadhani ndipo palipostahili mnara mkubwa kuliko wote.

Kitty Hawk waliruka kwa sekunde chache. Kuirusha ndege hadi iwe chombo cha kukupeleka na kukurudisha ulipoanzia, hiyo walijifunza hapa, kwenye malisho ya ng'ombe kilomita kama 13 mashariki ya mji. Mwenye shamba, Torrence Huffman, aliyekuwa mkuu wa benki, hakuwatoza kodi. Aliwaomba tu wawatoe ng'ombe na farasi kabla ya kuruka. Siku hizi eneo limo ndani ya kambi ya jeshi la anga, lakini raia wanaruhusiwa kuingia. Kuna kibanda kilichojengwa upya kwa mfano wa cha 1905, na mnara wa mbao wa kurushia. Upepo wa Ohio ni mdogo, kwa hiyo walipandisha chuma kizito juu ya mnara, kamba ikapita kwenye kapi hadi kwenye ndege, na chuma kikiachiwa kinaanguka na kuivuta ndege mbele kwenye reli yake hadi ipate mwendo wa kuinuka.

Tumeuzunguka uwanja kwa miguu. Nyasi zilifika magotini, na viatu vyote vililowa umande.

Tarehe 20 Septemba 1904, hapa hapa, Wilbur alizunguka duara kamili kwa mara ya kwanza. Aliyelishuhudia na kuliandika alikuwa mfuga nyuki! Amos Root, mzee wa Medina, Ohio, alikuja na gari lake akaona, kisha akaandika habari hiyo kwenye jarida lake la ufugaji nyuki, toleo la Januari 1905. Wakati magazeti makubwa hayawaamini ndugu hawa, wasomaji wa kwanza kupata ushahidi wa mtu aliyeona kwa macho yake duara lile walikuwa watu wa mizinga na asali. Mimi ni mtoto wa Tabora, nimelelewa kwa asali ya miombo. Habari hii niliipokea kama salamu kutoka nyumbani.

Na tarehe 5 Oktoba 1905 Wilbur akakaa hewani dakika 39, akazunguka uwanja huu kilomita karibu 39, akashuka kwa sababu mafuta yaliisha. Reli ya umeme ya abiria ilipita kando ya shamba, watu wakitazama dirishani.

Mchana tumeiona ndege yenyewe ya 1905 huko Carillon Park. Orville mwenyewe alisimamia ukarabati wake katika uzee wake. Imewekwa chini ya usawa wa sakafu ili uitazame kwa juu, na ukiinama juu ya ukingo unaona kila waya unaanzia wapi na unaishia wapi.

Tumemalizia makaburi ya Woodland. Wilbur, Orville, dada yao Katharine na wazazi wao wamelala pamoja, na Dunbar yumo makaburini humo humo. Wilbur alikufa kwa homa ya matumbo tarehe 30 Mei 1912, akiwa na miaka 45. Kaka na mdogo waliruka pamoja mara moja tu, tarehe 25 Mei 1910, kwa sababu walikuwa wamemwahidi baba yao kwamba hawatahatarisha maisha yote mawili kwa ajali moja. Siku hiyo baada yao akapandishwa mzee Milton, miaka 81, na akiwa juu alimwinamia Orville akamwambia apande juu zaidi. Nimesoma dua kimya kimya kwa ajili ya baba zetu wote.

Siku ya 3. Barabarani

Kilomita kama 750 hadi Washington. Mvua tangu mpakani mwa Pennsylvania. Tumekula viazi na kuku baridi tuliofungasha nyumbani.

Mpwa wangu anasoma uhandisi mwaka wa pili. Katikati ya milima akaniuliza: "Mjomba, Langley alikuwa profesa, ana fedha za serikali, ana wasaidizi. Kwa nini asiwe yeye?"

Swali zuri. Samuel Langley alikuwa mkuu wa taasisi ya Smithsonian, na wizara ya vita ilimpa dola 50,000. Wasaidizi wake walimtengenezea injini bora kuliko ya ndugu Wright, ya nguvu za farasi zaidi ya 50. Kisha Langley akaiweka kwenye chombo ambacho mrushaji wake hakuwahi kujifunza kukirusha, kikafyatuliwa kutoka juu ya boti mtoni Potomac. Oktoba 1903 kikazama. Tarehe 8 Desemba 1903 kikazama tena, na mrushaji, Charles Manly, nusura afe majini. Siku tisa baadaye ndugu wa Dayton wakaruka, na gharama zao zote hazikufika dola 1,000. Langley alianza na nguvu. Wao walianza na kuendesha: tiara mwaka 1899, kisha ndege zisizo na injini miaka mitatu mfululizo, na injini ikaja mwisho kabisa.

Lakini nilimwambia pia asidhani ilikuwa kipaji tu. Mwaka 1901 walishindwa vibaya. Ndege yao ya mwaka ule ilibebwa na upepo kwa karibu theluthi moja tu ya walivyokokotoa, na njiani wakirudi nyumbani Wilbur alikata tamaa kabisa. Walikuwa wameamini majedwali ya wakubwa waliowatangulia, pamoja na namba ya msukumo wa hewa iliyotumika tangu karne ya 18, yaani 0.005. Fundi vipimo vikimkatalia, anapima mwenyewe. Wakajenga sanduku la mbao, urefu kama mita 1.8, feni upande mmoja na kioo juu, na ndani yake wakapima mabawa madogo ya bati ya maumbo karibu 200. Walikuta namba ile ni 0.0033 hivi. Mizani iliyopima nguvu za hewa, vitu vile vidogo vilivyokosoa hesabu za zaidi ya miaka 100, waliitengeneza kwa vipande vya misumeno ya chuma na spoku za baiskeli.

Mpwa wangu aliendesha kilomita kadhaa bila kusema kitu. Halafu akasema, "Spoku." Nikamjibu ndiyo, spoku.

Siku ya 4. Washington

Ndege ya 1903 ipo Makumbusho ya Taifa ya Anga na Anga za Juu, yaliyo chini ya Smithsonian ile ile. Ilikaa London miaka 20, kuanzia 1928, kwa sababu Smithsonian ilikuwa imemtangaza Langley kuwa wa kwanza kuunda chombo chenye uwezo wa kumbeba mtu, na Orville hakukubali kuwapa mpaka waisahihishe kauli hiyo. Walisahihisha mwaka 1942. Ndege ikarudi Marekani mwaka 1948, miezi kadhaa baada ya Orville kufa. Mimi nampa haki. Mtu akikunyang'anya kazi ya mikono yako kwa maandishi, usimkabidhi pia kazi yenyewe.

Unaisogelea kabisa, iko chini karibu na watu. Nimeizunguka mara nne. Kilichonishika kwanza ni mnyororo. Minyororo miwili mirefu inatoka kwenye injini hadi kwenye propela mbili za nyuma, na mmoja umepitishwa kwenye mabomba ukiwa umekatizwa mfano wa namba nane, ili propela zizunguke kinyume na zisivute ndege upande mmoja. Baiskeli tupu! Walipofika pwani na mashine ikawa inatikisika hadi gia zikalegea kwenye mihimili yake, walizigandisha kwa gundi ya kubandikia matairi kwenye rimu, na zikakaza. Baba angecheka kwa furaha hapo, maana solusheni aliitumia hata kuzibia ndoo za jirani.

Propela ni jambo la kusimulia peke yake. Walidhani watachukua hesabu za propela za meli, wakakuta wajenzi wa meli hawana hesabu, wanajaribu tu. Wakabishana miezi mizima, wakati mwingine kila mmoja akimaliza ubishi akiwa ameshikilia upande alioanza nao mwenzake. Mwisho wakaelewa kwamba propela ni bawa linalozunguka. Wakazichonga kwa mkono, kwa shoka dogo na visu vya kuchongea, urefu wa mita 2.6. Vipimo vya leo vya nakala zake vinaonyesha zilibadili zaidi ya asilimia 75 ya nguvu kuwa msukumo.

Na injini. Hakuna kampuni iliyokubali kuwatengenezea iliyo nyepesi kiasi walichotaka, basi wakamgeukia Charlie Taylor, fundi waliyemwajiri mwaka 1901 awaangalizie duka la baiskeli. Taylor hakuwahi kuunda injini ya namna ile. Walichora kwenye vipande vya karatasi, yeye akavitundika juu ya meza yake ya kazi, na kwa mashine ya kukerezea na ya kutobolea tu akaitoa katika wiki sita: silinda nne, mwili wa alumini, kilo 80 hivi, nguvu za farasi 12. Mhimili wa ndani aliuchonga kutoka kwenye bamba moja la chuma, akitoboa matundu mengi kufuata mchoro hadi kipande kisichotakiwa kikang'oka kwa nyundo.

Watoto wa shule walikuwa wengi leo. Wote walijua majina mawili. Taylor aliishi hadi 1956, uzeeni akifanya kazi kiwandani California, akitegemea pia posho ndogo aliyoachiwa na Orville katika wosia. Leo mafundi wa ndege wa Marekani wanaofikisha miaka 50 ya kazi hupewa tuzo yenye jina lake. Ninafurahi kwamba ipo. Bado jina lake lingefundishwa shuleni pamoja na yale mawili.

Jambo la mwisho lililonikalisha chini ni nguo. Mabawa yalivishwa kitambaa cha pamba cha kawaida, cha kununua dukani kwa yadi, wakakikata na kukishona wenyewe kwa cherehani. Kilichopo sasa kimebadilishwa, lakini ni cha namna hiyo hiyo. Sisi kitambaa cha ukoo huo tulikuwa na jina lake: merikani. Kilishushwa na meli kutoka Marekani hadi Unguja, kikabebwa vichwani na wapagazi mpaka Tabora, mababu zetu wakakivaa na kuzikiwa nacho, miaka mingi kabla haijafikiriwa ndege. Nilimweleza mpwa wangu neno hilo, hakuwa amewahi kulisikia. Akaliandika kwenye simu yake.

Siku ya 5. Elizabeth City hadi Outer Banks

Mwendo wa saa tano hivi, jua kali. Tumesimama Elizabeth City kula samaki na kuutazama mto Pasquotank.

Wilbur alifika hapa Septemba 1900 akiwa peke yake. Alikuwa ametoka Dayton kwa treni tarehe 6. Norfolk alitafuta mbao za mita 5.5 kwa ajili ya mabawa, joto karibu limwangushe, akakosa, akanunua za mita 4.9, na hivyo mabawa yakawa mafupi kuliko hesabu. Elizabeth City aliulizia Kitty Hawk, na kila aliyemuuliza hapajui. Siku kadhaa baadaye akampata nahodha mmoja, Israel Perry, mwenye chombo kibovu kinachovuja, matanga yameoza. Dhoruba ikawakuta ghubani, wakawa wanayachota maji usiku kucha. Chakula cha chomboni kilikuwa kichafu kiasi kwamba Wilbur aliishi kwa kopo la jemu ambalo Katharine alikuwa amemfungashia. Siku mbili, jemu tu.

Sisi tumevuka ghuba ya Currituck kwa daraja lenye jina lao, dakika chache tu, kiyoyozi kikivuma.

Siku ya 6. Kill Devil Hills

Tumefika langoni kabla halijafunguliwa.

Walipachagua huku kwa barua. Waliomba takwimu za upepo kutoka idara ya hali ya hewa, wakaandika kituoni Kitty Hawk, na mwenyeji mmoja, William Tate, akawajibu kwamba kuna ufukwe mpana usio na miti, mchanga laini, upepo wa kudumu, na watu watakaowapokea vizuri. Waliruka kwenye vilima hivi vya kusini, kilomita kama sita kutoka kijijini, lakini ulimwengu umelishika jina la Kitty Hawk kwa sababu ya telegramu.

Kilima kikubwa wakati ule kilikuwa mchanga mtupu unaohama na upepo. Kimepandwa nyasi ili kitulie, na juu yake tangu 1932 upo mnara wa mawe wa mita 18. Hapo juu ndipo waliporuka na ndege zisizo na injini, mwaka 1902 peke yake mara kati ya 700 na 1,000. Mrushaji alilala kifudifudi, na kwa kusogeza nyonga kulia au kushoto alivuta waya zilizosokota mabawa na kugeuza usukani wa nyuma kwa pamoja. Nimelala kifudifudi kwenye nyasi, mtu mzima wa miaka 54, nikasogeza nyonga kulia na kushoto nikiwa nimefumba macho. Mwili unaelewa upesi kuliko kichwa.

Chini ya kilima, uwanja ni tambarare kabisa. Kuna jiwe kubwa palipoanzia, na mawe manne yenye namba pale kila mruko ulipoishia. Tumeyapima kwa hatua.

Asubuhi ile madimbwi yalikuwa yameganda barafu na upepo unavuma kilomita zaidi ya 40 kwa saa. Siku tatu kabla, Wilbur alishinda kwa kurusha sarafu, akajaribu, akainua pua kupita kiasi, akaanguka. Sasa ilikuwa zamu ya Orville. Ndege ilikaa juu ya kigari kidogo kwenye reli ya mbao ya mita 18, na kigari kile kiliteleza kwa vitovu vya magurudumu ya baiskeli. Watu watano walikuja kushuhudia, watatu kati yao ni wa kituo cha kuokoa mabaharia. Mmoja, John Daniels, alipewa kibonyezo cha kamera.

Saa 4:35 ndege ikainuka. Sekunde 12, mita 37. Wilbur alikuwa akikimbia kando ameshika ncha ya bawa, na katika picha ile unamwona ameachia tu, mwili umeinama kidogo, mikono haijui pa kwenda. Nimeitazama picha hiyo maisha yangu yote, lakini leo ndiyo mara ya kwanza nimemtazama Wilbur. Nimejua kabisa ni nini anachokifanya. Ni yule mtu anayekimbia nyuma ya baiskeli, ameliachia tandiko, mtoto hajui kwamba ameachiwa.

Jiwe la kwanza liko karibu mno, ukitembea unalifikia kabla hujamaliza sentensi. La pili mita 53, la tatu 61. Halafu unatembea, na unatembea, mpaka unadhani umelipita jiwe la nne. Mita 260, sekunde 59, Wilbur, saa sita mchana. Nadhani mruko huo wa nne ndio unaokata maneno yote ya kwamba walibebwa na upepo tu kwa bahati. Muda mfupi baadaye upepo mkali uliipindua ndege ikiwa chini. Daniels aliing'ang'ania asiiachie, akabingirishwa nayo ndani ya waya na mbao, akatoka na michubuko. Ndege ile haikuruka tena.

Wakala chakula cha mchana, wakaosha vyombo, kisha wakatembea hadi Kitty Hawk kumpelekea baba yao telegramu kwamba wameruka mara nne na watakuwa nyumbani Krismasi.

Mpwa wangu alikaa kwenye jiwe la nne karibu nusu saa. Sikumuita.

Siku ya 7. Kijiji cha Kitty Hawk

Asubuhi tumekodi baiskeli. Baiskeli yake ilitoa mnyororo njiani chini ya miti ya misonobari. Nimeipindua juu chini, nikaurudisha mnyororo kwenye gia kwa vidole, nikazungusha pedeli, ukakaa. Alisimama akiangalia mikono yangu iliyojaa grisi. "Nifundishe, mjomba," akasema. Tukautoa tena, akaurudisha mwenyewe.

Katika mtaa wa kawaida wenye nyumba za watu kuna jiwe lililowekwa na wenyeji mwaka 1928, kwa fedha zao. Hapo ilikuwepo nyumba ya akina Tate. Wilbur alifikia hapo Septemba 1900 baada ya ile safari ya jemu, na uani akaanza kuunganisha ndege yao ya kwanza. Mbao zilikuwa fupi, kwa hiyo ilibidi vitambaa vipunguzwe na kushonwa upya, akaazima cherehani ya mama mwenye nyumba, Addie Tate.

Oktoba walipoondoka, ndege ile iliachwa kwenye mchanga. Addie Tate alikwenda kuivua kitambaa chake, sateni nzuri, akakifua, akawashonea binti zake wawili magauni.

Nilimpigia mama simu Tabora nikiwa nimekaa kando ya jiwe. Ana miaka 83, na alishona nguo za watu mtaa mzima wakati baba akiziba pancha. Nilimsimulia yote: mnyororo, spoku, solusheni, Wilbur akikimbia kando ya bawa. Alisikiliza akiitikia. Nilipofika kwenye magauni akanikatiza.

"Sateni?" akauliza.

"Sateni, mama."

"Basi hao watoto walipendeza."